Baiskeli Moja na Kodi ya Nauli

Baiskeli ya mpwa wangu ilishuka Mbeya kwenye buti la basi, fremu imezungushiwa kadibodi, magurudumu yamefungwa ubavuni kwa kamba ya katani. Ilitoka Uholanzi, alikokaa miaka miwili akisoma, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam ndani ya kontena la kuchangia. Tukaipeleka Mwanjelwa kwa fundi aifunge. Fundi akazungusha pedeli kinyumenyume, akaisikiliza cheni, kisha akauliza imegharimu kiasi gani mpaka hapo ilipo. Mpwa akamtajia jumla. Fundi akaweka spana chini. "Kwa hela hiyo, mdogo wangu, hapa ungechukua mbili, tena na karia."

Nimeirudia kauli hiyo kwa watu wengi tangu siku ile, na majibu yanagawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema serikali inatoza baiskeli kama vile inatoza gari, na kwamba mtu anayerudi nyumbani na chombo chake cha kujisafirishia anakamuliwa bure. Wa pili wanasema aliyetaka baiskeli ya Ulaya alipe gharama ya Ulaya. Maduka ya Mwanjelwa yamejaa baiskeli za China na India zilizolipiwa kila kitu, kwa nini yeye apewe njia ya mkato? Nadhani wa kwanza wanalaumu kisichohusika. Wa pili wana hoja, ila hawajawahi kukaa na karatasi ya makadirio mezani.

Viwango vyenyewe havitishi. Tanzania inatumia ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005 na madaraja ya asilimia 0, 10 na 25, kisha likaongezwa la 35 mwezi Julai 2022 kwa bidhaa zinazolindwa zaidi. Juu yake inakaa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, na tozo ndogondogo kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5. Msomaji aliyewahi kutoa mzigo bandarini anayajua haya, sitayarefusha. Swali ninalotaka tulikalie ni hili: asilimia hizo ni asilimia ya nini?

Si ya bei uliyonunulia. Ni ya thamani ya CIF, yaani bei, bima na nauli mpaka mahali mzigo unapoingilia nchini. Tupige hesabu ya mfano, tuache bima na tozo ndogo, tuchukulie ushuru wa asilimia 10. Mwanafunzi amenunua baiskeli iliyotumika kwa dola 100. Kusafirisha moja peke yake kumemgharimu dola 180. Thamani ya forodha inakuwa dola 280. Ushuru dola 28. VAT inapigwa juu ya vyote viwili, dola 308, nayo ni dola 55 na senti 44. Jumla dola 83 na senti 44, kwa baiskeli ya dola 100.

Sasa mfanyabiashara ameleta mamia ya baiskeli hizohizo kwenye kontena lake, na nauli ya kila moja imeangukia dola 8. Thamani ni dola 108. Ushuru dola 10 na senti 80, VAT dola 21 na senti 38. Jumla dola 32 na senti 18.

Baiskeli ni ileile, kiwango kilekile, sheria ileile. Mmoja analipa 83, mwingine 32. Tofauti ya dola 51 haikutokana na baiskeli hata kidogo; yote ni kodi iliyolipwa juu ya nauli. Aliyekwisha kuumizwa na bei ya meli kwa sababu ana kimoja tu anaumizwa mara ya pili na forodha kwa sababu hiyohiyo. Nimelikagua jambo hili mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea, na kila nikirudi nakuta mambo ni yaleyale. Maofisa wanatekeleza walichoandikiwa. Fomula imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kontena, na mtu wa kimoja akaingizwa humohumo bila yeyote kumfikiria.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na nimekuta hata baadhi ya mawakala wa forodha hawalitaji mpaka uulize. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Nne linaloeleza namna ya kukadiria thamani, inasema mzigo ukiingia kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye bei. Soma tena. Aliyeleta baiskeli kwa ndege, ushuru wake wa forodha haugusi nauli. Aliyeleta kwa meli, au kwa lori kupitia Tunduma, nauli yake inahesabiwa. Sisemi ndege ni rahisi. Nauli ya hewani yenyewe inaweza kukumaliza kabla hujafika kwa mtu wa forodha. Ila waliotunga sheria walikwisha kukubali kwamba nauli inaweza kuvimbisha thamani ya kitu hadi isilingane na kitu chenyewe. Wamelikubali kwa ndege. Kwa kifurushi kimoja cha mtu binafsi kilichopanda meli wamekaa kimya.

Wala si lazima iwe CIF popote duniani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu thamani ya forodha unaiachia kila nchi ichague kuiingiza nauli au kuiacha nje. Marekani wanaiacha. Afrika Kusini, ambao ni wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, wanaiacha. Sisi na majirani zetu wa Afrika Mashariki tumechagua kuiingiza.

Kuna gharama nyingine isiyo kodi kabisa, nayo inauma kuliko inavyosemwa: ada ya wakala. Tulipolalamika kwamba ada ya wakala wetu inakaribia bei ya baiskeli yenyewe, alitujibu bila hasira, "Mzee, tamko la forodha ni tamko. Hata ungeleta sindano, karatasi ni zilezile." Alikuwa mkweli. Mwenye kontena anaigawa ada hiyo kwa mamia. Mpwa aliigawa kwa moja.

Halafu kuna suala la kuosha. Sheria ileile ya forodha, Jedwali la Tano, inatoa msamaha kwa mtu anayehamia au kurudi, kwa vitu vyake binafsi na vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikokuwa akiishi. Baiskeli ya mwanafunzi aliyeiendesha kila asubuhi kwenda darasani, mvua na theluji, ingeangukia hapo bila shida. Mpwa alijua kuna msamaha. Alichofanya kabla ya kuipakia, kwa ile tabia tuliyomlea nayo ya kutopeleka kitu kichafu kwa watu, aliifuta grisi yote, akabadilisha tairi zote mbili, akafunga mpini mpya wa ngozi, akaipiga msasa na rangi palipokuwa na mikwaruzo. Risiti ya kununulia alikuwa ameshaitupa. Na ikaja kwenye kontena la watu, yeye akiwa ametangulia. Aliyeikagua akaona baiskeli inayong'aa, tairi zenye meno yote, haina karatasi, imefuatana na mizigo ya biashara. Angeamini nini? Mpwa alibisha, akaonyesha picha kwenye simu akiwa juu ya baiskeli hiyo kando ya mfereji. Rangi ya kwenye picha ilikuwa nyingine.

Hapo sina budi kuupa upande wa pili haki yake. Mtu anayesema "ni yangu, nimeitumia" hatofautiki kwa sura na mtu anayesema hivyohivyo akidanganya. Ukifungua mlango wa kimoja bila kodi, kesho mwenye duka atatuma watu ishirini, kila mmoja na kimoja chake. Anayeijua mipaka yetu anajua jinsi mzigo mkubwa unavyoweza kuvuka vipandevipande, mabegani na kwenye matoroli. Mwenye duka la Mwanjelwa naye hajasamehewa kitu: mnunuzi wa dukani analipa VAT juu ya bei yenye faida na kodi ya pango ndani yake, kwa hiyo zile dola 32 si mwisho wa habari kwa upande wake. Na ipo hoja ya viwanda. Wazee wanazikumbuka baiskeli za Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, na mtu anayetaka siku moja tuunganishe zetu tena hawezi kufurahia mitumba ya Ulaya kuingia bure. Hoja hizi ni nzito. Ninachoona ni kwamba zinajibu swali la mtu anayeleta ishirini, na mpwa alileta moja.

Huku kwetu suala linapata sura nyingine kwa sababu ya mipaka. Kutoka Mbeya mpaka Tunduma ni kama kilomita 100, na tangu Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kimepunguza kupanga foleni mara mbili. Watu wanavuka, wanaona baiskeli nzuri upande wa pili, wananunua, halafu wanashangaa kuambiwa walipe ushuru wakati Zambia ni jirani na ni SADC kama sisi. Msamaha wa SADC unafuata mahali kitu kilipotengenezwa, sio mahali kilipouzwa. Baiskeli ya India iliyouzwa Nakonde bado ni ya India. Ule utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, wanaoutumia Wazambia na Wamalawi kwa wafanyabiashara wadogo hautuhusu, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Hivyo kodi iliyokwisha kulipwa Zambia haikusaidii, unaanza upya. Wengine wakisikia hivyo wanazikumbuka njia za panya. Sitetei, lakini naelewa hesabu wanayoipiga kichwani wakiwa wamesimama pale.

Shuka upande wa pili, Kyela, ambako ardhi ni tambarare na baiskeli si pambo. Gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, vyote vinapanda karia. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, vijana wanaishi kwa kabaza, baiskeli za abiria. Na kwenye mpaka huohuo wa Kasumulu, wazungu wa Tour d'Afrique, wanaotoka Cairo kwenda Cape Town kwa baiskeli tangu mwaka 2003, wanapita kuingia Malawi wakiwa juu ya fremu ambazo moja ingenunua baiskeli za kitongoji kizima. Hawalipi ushuru, na ni sawa: wanapita tu, sheria ya anayeingia kwa muda ipo dunia nzima. Lakini mtazame mkulima wa Kyela anayewaangalia wakipita, halafu mwambie kijana wake atalipia kodi nauli ya meli.

Kama ningeulizwa, nisingefuta ushuru wa baiskeli. Ningeomba mambo mawili madogo. Kwanza, kifurushi cha mtu binafsi chenye baiskeli moja kikadiriwe kwa bei ya kitu peke yake, kama kinavyokadiriwa kilichopanda ndege, mara moja kwa mtu mmoja kwa mwaka, namba ya pasipoti iandikwe ili asirudi na ya pili na ya tatu. Pili, namba ya mwisho iwe inajulikana kabla mtu hajapakia. Kwa miaka mingi msafiri alikuwa na kikomo cha dola 500 bila kodi kwa vitu alivyobeba mwenyewe na kuvitamka, na kilipopigiwa kelele Nairobi mwaka 2023 wengi ndiyo kwanza walikuwa wanasikia kwamba kipo. Kikomo kisichojulikana na anayesafiri kinabaki kuwa silaha ya anayekijua.

Hazina ingepoteza nini? Kwa mfano wetu, kama dola 54 kwa kila mtu wa namna ya mpwa wangu. Na wengi wao, wakishajua hesabu, hawaleti kabisa, kwa hiyo hata hizo 54 hazipo.

Juzi dada yake, anayemaliza masomo Ujerumani, alinipigia simu. Naye ana baiskeli, nyeusi, ya miaka mitatu, na anataka kurudi nayo. "Mjomba, niifanyeje?" Nimemwambia asiichangie kontena, aje nayo kwenye ndege aliyopanda mwenyewe, aitamke, na risiti aiweke pamoja na pasipoti. Akauliza kama aipeleke kwanza ikaoshwe na kubadilishwa tairi, maana zimeisha. Nikamwambia asiguse kitu. Ije na tairi zake zilizoisha na tope lake la huko, fundi wa Mwanjelwa ataiosha.