Muziki wenyewe ulikuwa kwenye simu

Nimesoma habari ya opera mpya ya kusikiliza tu, itakayotoka kipande kwa kipande, kuhusu jamii za kwanza za mtandaoni. Nimeipenda, sisi tuliolelewa na michezo ya redio hatuhitaji jukwaa. Ila opera hiyo kuanza hadithi yake miaka ya 1990, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa bubu, hapana!

Mngeanzia Chicago, Januari 1978. Theluji imefunga mji, Ward Christensen, mpenzi wa kompyuta, amekwama nyumbani, anampigia simu rafiki yake Randy Suess: tuunde ubao wa matangazo ndani ya kompyuta. Februari ukawa tayari: watu wanaupigia simu kwa kompyuta zao, wanasoma na kuachiana ujumbe. Laini ya simu ilikuwa moja tu. Mmoja akiingia, wengine wanasubiri mpaka atoke. Simu ikilia, mashine inaamka, diski inakwaruza, modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) inapiga mluzi, halafu herufi zinadondoka kama 30 kwa sekunde, unasoma huku zinakuja. Mtunzi wa muziki anataka nini tena?

Suess alifariki 2019, Christensen 2024. Waimbieni hata beti mbili basi, jamani.