Tashbihi Hatuna Leo, Kuna Taa

Kwa kuwa kuna mtu ameshawasimulia kwenye magrupu kwamba nimenunua papa Feri, soko la samaki la Dar, nikalia mbele za watu, naomba niweke sawa. Hakuwa papa. Alikuwa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Na sikulia, pale kwa wakaanga samaki moshi hauchagui macho.

Warsha ya uandishi mnaijua, nimewachosha nayo vya kutosha. Wiki hii mwalimu alisoma kazi zetu akakunja uso. Wote tunaandika kwa macho tu, na kila mwanamke ana meno meupe kama theluji, wakati theluji yenyewe tumeiona kwenye kalenda. (Mchaga mmoja akapinga, kwao anaiona akifungua dirisha. Akaruhusiwa kubaki nayo.) Basi kila mtu aende penye watu, afumbe macho, aandike anachonusa, anachosikia, anachogusa, anachoonja. Na alete tashbihi moja ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu mwingine.

Wenzangu wenye akili wakaenda kukaa ufukweni Coco wakanusa mihogo. Mimi nikaenda Feri asubuhi, mnada umechangamka, nikajibanza karibu na meza, daftari kifuani, peni mkononi. Nikafumba macho.

Jamani, hapa tulieni, maana ndipo nilipochinjiwa.

Ukifumba macho Feri, soko linakuingia kwa puani. Shombo kwanza, halafu dizeli ya boti, halafu mafuta ya kukaangia yaliyoona mengi. Visu vinaparua magamba, kwaru, kwaru. Kunguru wanagombea matumbo. Pembeni pantoni ya Kigamboni inapiga honi. Nikaandika bila kutazama. Safi kabisa. Ikabaki tashbihi ya shombo. Mbele yangu dalali anaimba, "Thelathini, thelathini, nani anaongeza?" Nikajisemea, hata huyu nitamtumia. Shombo kama... kama nini? Nikainua peni juu. Ndivyo ninavyofikiri, mnaonijua mnajua.

"Arobaini kwa mzee wa peni!"

Nilisikia. Wallahi nilisikia, na nikafurahi: kumbe humu kuna mwingine mwenye peni! Nikamwandika. Sauti ya mama ikasema hamsini. Shombo kama soksi? Imechuja hiyo. Peni juu. "Sitini!" Mama akasonya, msonyo mrefu wenye mate ndani yake, nao nikauandika. Shombo kama deni? Hapo nikaona nimefika, deni nalo likikuingia nguoni halitoki. Nikanyanyua peni kwa ushindi, mkono mzima.

"Sabini! Mara ya kwanza... mara ya pili..."

Kisha pale mezani pakanyamaza. Nyie, Feri huwa hapanyamazi. Mimi nikaandika: "Ukimya ukatanda." Nikafumbua macho nijue umetokea wapi, nikakuta nyuso zote zimenielekea, na mbele yangu kalala taa mpana kuliko meza yangu ya chakula, mkia unaning'inia.

"Wako huyu, mzee. Elfu sabini."

"Mimi naandika tu, kaka."

"Unaandika nini, jina lake?" yule mama akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Nami, badala ya kutafuta uongo wa maana, nikajitetea kwa ukweli: "Nilikuwa natafuta tashbihi."

Dalali akanitazama kwa huruma kabisa. "Tashbihi hatuna leo, mzee. Kuna taa. Jaribu kule kwenye ngisi."

Mengine ni mafupi. Mama akasusa, hamtaki tena hata kwa hamsini yake. Nikalipa kwa simu, kodi ya nyumba ikapata kidonda. Konda wa daladala akanikataa kabla sijafika mlangoni. Nikapanda bajaji, taa mapajani. Baadaye nimesoma kwamba taa, sawa na papa, ana urea mwilini, na akishakufa inageuka kuwa amonia. Dereva hakuhitaji kusoma. Kwenye foleni aligeuka akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, mbona kunanuka kama choo cha stendi siku ya kuamkia Idi? Ni wewe?"

Nikamwomba arudie nikaandika neno kwa neno. Ndiyo sentensi pekee ambayo mwalimu ameiwekea tiki. Kwenye hisi ya kugusa ameandika "haipo", nami nimekaa mbele yake na suruali ileile.

Ile picha mnayotumiana ilipigwa na rafiki yangu niliyemwita anisaidie kushusha mzigo. Kushusha hakushusha. Vipande viko kwenye friji ya mama mwenye nyumba, na tangu jana anagonga mlango akidai nafasi ya maziwa yake. Mwenye nazi na ukwaju aje na chombo, achukue kuanzia upande wa mkia.