Ritifaa Iliyotuletea Euro

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji, na cheo chenyewe sikukigombea. Nilichelewa mkutano, nikakuta nimeshachaguliwa. Kazi ilikuwa daftari na kalamu tu, mpaka mwanachama mmoja akasimama kusema twende na wakati, tununue kompyuta. Tangu siku ile huyo bwana haonekani mkutanoni.

Kompyuta ikaja, kumbe yenyewe ni Mmarekani. Kila nikiandika Kiswahili inanipigia mstari mwekundu, neno kwa neno, kama mwalimu wa zamu aliyeamkia upande mbaya. "Maziwa", mstari. "Mwenyekiti", mstari. Jina langu mwenyewe nililopewa na babu, mstari! Mkutano wa 4/6 ikausoma Aprili 6, maana kwao mwezi hutangulia siku, na sisi wakati huo tuko Mei. Nikaelekezwa niingie kwenye mipangilio, nitafute lugha. Nikaanza na Afrikaans nikishuka, kidole kikauma, mpaka nikakikuta Kiswahili, tena si kimoja, kuna cha Kenya na cha Tanzania. Nikachagua chetu. Nikalala usingizi mzito.

Sasa ng'ombe.

Orodha ya wanachama niliichapa vizuri: jina, anakotoka, mifugo. Kijana wangu akaipandisha kwenye programu ya michango ya simu. Mwisho wa mwezi nikaitoa kule, nikaifungua kwenye programu ya mahesabu, nikachapisha nakala 37 nikagawa. Mzee mmoja, mwenye macho kuliko hata sisi wenye miwani, akanyoosha mkono.

"Katibu, hii ni nini hapa mbele ya mnyama wangu?"

Nikatazama. Imeandikwa "Ngâ€™ombe 4". Ukumbi mzima ukainamia karatasi. Kila mwenye ng'ombe ana €, yaani Euro. Wanaotoka Nyang'hwale wana Euro mara mbili, moja ya ng'ombe na moja ya kwao, "Nyangâ€™hwale". Wenye mbuzi peke yake hawana hata moja, na hao ndio waliopiga kelele kuliko wote.

"Kwa hiyo wafadhili wamekuja," mzee akasema taratibu, "na katibu amenyamaza."

Nikaapa kwa vyote ninavyovijua. Nikarudi nyumbani, nikaihifadhi ile orodha, nikairudisha kwenye programu ya michango, nikaitoa upya nikidhani itajisafisha. Kesho yake nikagawa bila kuangalia, kosa la pili. Imetoka "NgÃ¢â‚¬â„¢ombe". Euro haipo! Badala yake kuna ¢, ile c yenye mkwaju, mbili kwa kila ng'ombe. Mwalimu mstaafu akawafafanulia wenzake kwamba hiyo ni alama ya senti.

Jana Euro, leo senti. Wewe ungeniamini?

Nikakimbilia kwa kijana wa steshenari. Akacheka kwanza, akanitoza elfu mbili baadaye. Anasema kosa ni la ritifaa, ule mkia mdogo wa ng'ombe. Programu ya kuandikia barua huwa haiuachi ulivyo. Unaugonga umenyooka, yenyewe inaupinda kwa urembo. Ulionyooka umo kwenye ASCII, ile orodha ya herufi ya Wamarekani iliyoanza mwaka 1963, yenye nafasi 128, na kila kompyuta inaujua. Uliopindwa hauna nafasi mle. Kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, unahifadhiwa kwa vipande vitatu vya data viitwavyo baiti, na programu ya mahesabu, isipoambiwa, inasoma kila baiti kama herufi kamili kwa mpango wa zamani wa Kizungu. Ya kwanza ikawa a yenye kofia, ya pili Euro, ya tatu TM. Mimi nikachukua uchafu ule nikauhifadhi tena, kila herufi chafu ikazaa nyingine, na Euro ikavunjwa chenji.

Ndiyo inayoniuma. Kiswahili hakina kofia kama Kifaransa, hakina vidoti kama Kijerumani. Herufi zetu zote zinatosha kwenye orodha ile ya ASCII, tungekaa mle kwa amani bila kumsumbua mtu. Tuna kimkia kimoja tu, na hicho hicho ndicho wamekipinda.

Huyo UTF-8, kijana anasema, waliubuni wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, wamekaa kwenye mgahawa New Jersey, wakiandika juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Sawa, wana akili. Mimi mgahawani huwa nagombania pilipili.

Dawa yenyewe ni kwamba faili hulifungui kwa kulibofya. Unaingia kwenye data, unaliita kutoka huko, ukiulizwa asili yake unachagua 65001, ndiyo namba ya UTF-8. Namba hiyo nimeiandika ukutani kwa mkaa, mke wangu anadhani ni deni. Na ule urembo wa kupinda mikia nimeuzima kabisa.

Jumamosi nikagawa orodha safi. Ng'ombe ni ng'ombe, Nyang'hwale ni Nyang'hwale. Nikasubiri makofi. Mzee akageuza karatasi mbele na nyuma, akaiinua juani, akaikunja akaitia mfukoni.

"Sasa hata senti hakuna."

Imeundwa kamati ndogo ya kufuatilia Euro, wajumbe watano. Katibu wake ni mimi.