Uhandisi wa meli: kijana wa Kigoma akasome au aache?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mjadala huu hurudi Kigoma. Kijana amefaulu PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka kwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) kusomea uhandisi wa meli; nyumbani wanamwambia achague ujenzi au umeme. Hofu yao ina msingi. Bandarini wameiona meli ya abiria ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikimaliza miaka bila kubeba abiria kwa kusubiri matengenezo, huku wasafiri wa vijiji vya ziwani kama Kalya wakipanda maboti ya mbao. Mtoto akimaliza masomo ataajiriwa na nani?

Tatizo la hesabu hiyo ni kuipima fani kwa meli zinazoonekana ukisimama bandarini Kibirizi, hapo Kigoma. Injinia wa meli hasomei meli tu. Anasomea injini kubwa za dizeli, boila, pampu, majokofu na umeme, na anajifunza kuvitengeneza mahali pasipo na duka la vipuri wala fundi wa kumpigia simu. Injini ikizima katikati ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, hata nanga haigusi chini. Aliye zamu ndiye wa kutambua upesi kama mafuta yameingia maji, chujio limeziba au pampu imekata, tena usiku, kwenye joto na kelele, abiria wakiwa juu yake.

Mtu aliyepikwa hivyo ana pa kwenda hata nchi kavu: mitambo ya kufua umeme (Kigoma yenyewe imeishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi), kreni za bandarini, viwanda, ukaguzi wa meli, bima. Na pale Katabe kuna mpango wa kiwanda cha kujenga meli kwa mkataba na kampuni ya Uturuki. Hicho hakitaendeshwa na wahandisi wa barabara.

Wanaoipigia debe fani hii nao wana takwimu yao. Ripoti ya BIMCO na ICS, jumuiya za kimataifa za wenye meli, ya mwaka 2021 ilisema dunia ina upungufu wa maofisa wa meli 26,240. Mzazi akisikia hivyo anadhani ajira zinamsubiri mwanawe getini. Lakini upungufu uliohesabiwa ni wa maofisa wenye vyeti vya STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaosimamia mafunzo ya mabaharia. Mwenye shahada bila cheti hicho hamo katika pengo hilo. Ili awe ofisa wa zamu chumba cha injini, mafunzo ya karakana na kazi melini kwa pamoja lazima yafike angalau miezi 12, na ndani yake isipungue miezi 6 ya kushika zamu chini ya ofisa mwenye sifa. Bila meli ya kumpokea kama kadeti, yaani mwanafunzi wa kazi melini, kijana anabaki na shahada mkononi na mlango umefungwa.

Kwa mtoto wa Kigoma kuna ugumu zaidi, na huu hausemwi. Mkataba huo hauihesabu kuwa ya baharini meli inayotembea kwenye maji ya bara peke yake. Anaweza kufanya kazi ziwani hadi Mpulungu, Zambia, na kurudi, akaiva kweli, na bado muda huo usimpe cheti cha kwenda bahari kuu. Lazima atafute meli ya Bahari ya Hindi, mbali na kwao, na mara nyingi bila mtu wa kumshika mkono.

Hata hivyo mimi niko upande wa kijana. Kinachopaswa kuwatisha wazazi ni nafasi ya ukadeti, na kwa hilo dawa si kumpeleka mtoto kusoma asichokipenda. Kabla ya kulipa ada, mzazi aulize chuo: wahitimu wa mwaka jana wangapi walipata meli, na nani aliwatafutia? Jibu likiwa ni ahadi tupu, aanze mapema kubisha hodi kwa wenye meli. Serikali nayo, kila inapotumia mabilioni kukarabati meli za Kigoma, iweke kwenye mkataba nafasi za wanafunzi karakanani. Muda wa karakana unahesabika, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa nyumbani.