Upatanisho haukuwa wa Hekalu pekee

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kwamba, kabla Warumi hawajalibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Wayahudi wote waliuona upatanisho, yaani kuondolewa dhambi mbele za Mungu, kuwa kazi ya makuhani wa huko peke yao. Naomba kutofautiana naye. Katika magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana kando ya Bahari ya Chumvi mnamo 1947, Kanuni ya Jumuiya, yaani hati ya sheria za jumuiya ya Kiyahudi iliyojitenga, inatamka kwamba jumuiya yenyewe huifanyia nchi upatanisho bila nyama ya sadaka za kuteketezwa, na kwamba anayekataa kuingia katika agano lao hatatakasika hata akioga baharini na mitoni. Maneno haya hunigusa kila niyasomapo, kwani hapo msamaha wenyewe unakuwa mpaka wa kundi. Tena walifuata kalenda ya siku 364, na ufafanuzi wao wa kitabu cha nabii Habakuki unasimulia jinsi Kuhani Mwovu, adui yao, alivyomjia Mwalimu wa Haki, kiongozi wao, katika Siku ya Upatanisho, siku ya mwaka ya kufunga na kuomba msamaha, jambo ambalo wataalamu wengi hulieleza kwa kusema kwamba wawili hao hawakuiadhimisha siku hiyo kwa tarehe moja, kwa kuwa kalenda zao zilitofautiana. Ningefurahi sana mwandishi akiirekebisha aya yake.