Darasa kimya sio darasa linalosikiliza

Kuna kitu kinaniuma sana kuhusu shule za msingi, mtoto anasifiwa miaka yote kwa kukaa kimya alafu akifika darasa la sita tunashangaa eti hawezi kusimama mbele ya wenzake akaongea hata dakika mbili. Sasa angejifunzia wapi? Kusoma tunafundisha, kuandika tunafundisha, ila kuongea na kusikiliza tunaona vitakuja vyenyewe tu kama meno.

We angalia maswali yanavyoulizwa. Mwalimu anauliza, mtoto mmoja anajibu neno moja, "vizuri", swali linalofuata. Au darasa zima linaitikia "ndiyooo mwalimu" na inaonekana wote wameelewa, kumbe wengine wanafuata sauti za wenzao. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alisikiliza rekodi za masomo ya sayansi akakuta walimu wakishauliza wanasubiri kama sekunde 1 tu, kimya kikizidi hapo wanarudia swali au wanamrukia mtoto mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu, "sijui" zikapungua, na wale ambao huwa hawaongei wakaanza kuongea.

Sekunde 3! Na hazihitaji hela wala kitabu kipya.

Ila kuna kusubiri kwingine ambako watu wanakusahau, baada ya mtoto kujibu. Akisema "mmea umekauka kwa sababu umekosa jua" usikimbilie kusema vizuri, nyamaza kidogo, unaweza kumsikia akiongeza "lakini ule mwingine ulikuwa na jua na bado umekauka", yaani hapo ndo anafikiri kwa sauti na wenzake wana kitu cha kubishania. Na tafadhali usimkatize katikati kumsahihisha sarufi, mwache amalize, alafu we irudie sentensi yake kwa usahihi ukiwa unaendeleza mazungumzo.

Kusikiliza nako kunahitaji kazi ya kufanya. Kumwambia mtoto "sikiliza!" haimfundishi chochote. Waweke wawili wawili wapeane migongo, mmoja ana picha anaielezea, mwenzake anachora bila kuiona. Duara likiwekwa chini badala ya juu wataanza wenyewe kuulizana "juu ya nini? kubwa kiasi gani?" na hapo msemaji anagundua maelezo yake hayakutosha. Au wakijadiliana, kila mtu aripoti alichosema mwenzake, sio chake.

Alafu yule "mkaidi" wa nyuma asiyefuata maelekezo, kabla ya kumgombeza mpeleke akapimwe masikio. Watoto wadogo wanapata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, leo anasikia vizuri wiki ijayo hasikii, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna sauti zinampita.