Panga limegoma kutoka mkononi

Wakuu, leo siku ya nne mjumbe wetu akiniona anavuka barabara, kwa hiyo bora niseme mwenyewe ilivyokuwa kabla hamjasikia ile ya kijiweni.

Nina panga la marehemu babu, la kufyekea, mpini wake vipande viwili vya mninga vimeshikwa na ripiti tatu. Mzee alikuwa ameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Sasa mimi baada ya kuangalia video mbili tatu za watu wanang'arisha mipini ya visu mpaka inameta kama kochi la dukani, nikaona ule mpira ushamba, nikaubandua. Chini yake mbao imekauka, imesinyaa, ripiti zimetokeza zinakwaruza kiganja. Nikasema hapa ndo penyewe.

Jumamosi waifu kaenda kwenye kikoba, nikakaa kibarazani na tupa, msasa namba 80, namba 240 na kakopo ka vanishi. Nikapunguza unene, nikachonga vibonde vya kukaa vidole, vumbi la mninga mpaka kwenye kope, napiga chafya huku najiona fundi. Tatizo utamu ulikolea. Zile ripiti nazo nikataka ziwe sawasawa na mbao, nikapiga tupa weee mpaka vichwa vikaisha, na ripiti bila kichwa inashika nini? Nanyanyua panga, upande mmoja wa mpini ukabaki sakafuni.

Si kesi, supaglu ipo. Nikamimina tyubu nzima (mkono wangu hauna kiasi, hata chumvi ni hivyohivyo), nikarudisha kipande, na kwa kuwa sina jiliwa nikabana kwa kiganja nikahesabu mpaka sitini. Jasho linanitoka. Kumbe ile kitu ikikutana na unyevu ndo inashika haraka! Nafika sitini nataka kuachia, mkono hautaki. Nikatemea mate. Ndo nikaharibu kabisa.

Binti yangu wa miaka tisa akanitazama, akasema, "Baba, mama kucha zake za bandia wanamtolea na asetoni." Saluni iko ng'ambo ya barabara tu. Nikalizungushia panga kanga ya mama yake nikatoka mbio, sikusoma imeandikwa nini. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU.

Mlangoni kanga ikanasa kwenye komeo, ikavuka yote. Ndani kuna wamama watatu. Nikasema kwa upole kabisa, "Samahani dada, nina shida kidogo." Aliyekuwa kwenye draya alipita dirishani na rola zake zote kichwani, na lile dirisha mkiliona hamtaamini.

Bodaboda wakajaa na mawe, mjumbe akafika anahema.

"Bwana mdogo, weka panga chini!"

"Siwezi mzee."

"Nasema weka chini tuongee!"

"Mzee wangu, natamani kuliko wewe, ila siwezi!"

Siwalaumu. Hata mimi ningesikia mtu anajibu hivyo ningetafuta jiwe.

Aliyeniokoa ni binti, alikuwa kanifuata na ile tyubu tupu, akaiinua juu akapiga kelele, "Baba kagandaaa!" Watu kimya. Halafu kijiwe kizima kikakaa chini kwa kucheka, mmoja akalalia kabisa pikipiki yake, mjumbe peke yake ndo hakucheka.

Dada wa saluni akanikalisha pale wanapokaa maharusi, pamba na asetoni, kidole kimoja baada ya kingine, kama nusu saa hivi. Ngozi ya kidole gumba naidai mpaka leo. Mkono ukatoka, nikashusha pumzi, mara tukasikia ko! chini ya kiti. Asetoni ilikuwa imepenya mpaka ndani, kile kipande cha mpini kimeachia tena.

Akanichaji elfu tano, eti bei ya kutoa kucha.

Vanishi sijaifungua, mwenye shida nayo aseme. Jana nimepita kwa fundi baiskeli nikamuulizia kipande cha tyubu kuukuu, akanipa bure, ila kanirushia kwa mbali.